UZI: Bastola na bunduki Chicago, Cook County na New York – mji unakataza nini, na utajuaje kabla hujanunua

#1 Kaskazi_08 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa ndugu zetu waliohamia Marekani swali linalojirudia ni moja: "Hivi huko bunduki si ruksa?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Kwetu sheria ya silaha ni ile ile ukiwa Kigoma ukiwa Tanga, na anayetoa leseni anajulikana. Marekani, bastola iliyo halali kabisa Hammond, Indiana, ukivuka nayo barabara ukaingia Chicago, magazini yake (chombo kinachobeba risasi) peke yake inaweza kukufikisha mahakamani. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: unalala anwani gani?

Anwani moja ya Chicago imefunikwa na matabaka manne.

Shirikisho ndilo linalosema nani haruhusiwi kabisa kugusa silaha: aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake hata kama kosa ni dogo, mtumiaji wa dawa zisizo halali (bangi imo, hata pale jimbo limeiruhusu), asiye na makaratasi, na kwa kawaida aliye kwenye viza ya muda kama ya masomo au utalii. Shirikisho pia ndilo linalotaka usajili wa raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, shotigani chini ya inchi 18, na vizuia sauti. Ushuru wa dola 200 kwenye vitu hivyo ulishushwa hadi sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Watu wengi wakasoma kwamba usajili umefutwa. Haujafutwa.

Jimbo la Illinois linataka kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mmiliki wa silaha, kabla hujashika bunduki au hata risasi moja. Tena tangu 10 Januari 2023 lina sheria inayoitwa PICA, iliyopiga marufuku kuuza na kununua silaha za aina fulani pamoja na magazini kubwa: zaidi ya risasi 10 kwa bunduki ndefu, zaidi ya 15 kwa bastola.

Kaunti ya Cook ina marufuku yake, iliyobeba jina la Blair Holt, mwanafunzi aliyeuawa kwa risasi ndani ya basi mwaka 2007. Kwa kaunti, magazini yoyote ya zaidi ya risasi 10 haifai, hata ya bastola.

Halafu mji. Chicago ina Sura ya 8-20 katika sheria zake ndogo. Humo mna orodha ya silaha zisizoruhusiwa, magazini za zaidi ya risasi 15, vizuia sauti, na hata kile kitaa cha leza cha kulengea. Kwenye jambo kama hilo la mwisho mtu aliyesoma sheria ya jimbo tu anadhani amemaliza.

Naomba wajuzi waongeze. Nataka uzi huu uwe mahali pa kumpeleka mtu anayeuliza.

#2 FundiMtutu

Mkuu Kaskazi umeanza vizuri. Mimi nishike upande wa chuma chenyewe, kwa sababu wengi wanatafuta jina la bunduki kwenye orodha, wasipoliona wanatulia. Orodha ya majina ipo kweli kwenye PICA, na familia nzima za AR na AK (raifo za mtindo wa kijeshi) zimetajwa, lakini nyuma ya orodha kuna kipimo cha sifa. Silaha isiyotajwa popote inaweza kuanguka kwa sifa moja tu.

Chukua raifo ya nusu-otomatiki, yaani inayojikoki yenyewe lakini kila risasi unavuta triga upya. Kama magazini yake inachomoka, iangalie kutoka nyuma kwenda mbele. Kitako: kinakunjika, au kina kitufe chini cha kukirefusha na kukifupisha? Chini ya triga: kuna mshikio kama wa bastola, au kitako chenye tundu la kupitisha kidole gumba? Mbele ya magazini: kuna mshikio wa pili wa mkono usiovuta triga? Juu ya mtutu: kuna ala ya chuma yenye matundu ya kukinga mkono na joto? Mwisho wa mtutu: kuna kile kipande chenye mipasuko kinachopunguza mwako? Chini ya sheria ya Illinois, sifa moja tu kati ya hizo yatosha.

Kwa bastola ya nusu-otomatiki angalia ncha ya mtutu. Kuna kofia ndogo ya duara. Ukiifungua unakuta hesabu kama za boliti. Mtutu wenye hesabu ni sifa. Magazini inayoingia nje ya mshikio ni sifa. Kishikio cha kufunga kwenye mkono, ni sifa.

Shotigani ya nusu-otomatiki ina kipimo chake: mshikio wa bastola, kitako cha kukunja, au ghala la ndani la zaidi ya risasi 5.

Kinachobaki nje ya PICA ni silaha za kukoki kwa mkono: za boliti, za wenzo, na shotigani ya kusukuma na kuvuta. Bunduki ya boliti ya kuwindia haina tatizo la sifa, isipokuwa ile ya kaliba .50 BMG ambayo imekatazwa yenyewe.

Na ile "swichi" ya kubandika nyuma ya bastola ya Glock ili iteme mfululizo: hiyo si suala la mji. Kwa sheria ya shirikisho, kipande hicho kikiwa peke yake mfukoni, bila bastola, ni bunduki ya rasharasha. Kifungo chake kinafika miaka 10.

#3 Bi_Salma_K

Ahsanteni. Naomba mfano wa kushika mkononi. Mtu ana Glock aliyoinunua kihalali Indianapolis, anahamia upande wa Chicago kikazi. Haina hesabu kwenye mtutu wala mshikio wa pili. Afanyeje?

#4 FundiMtutu

Dada Salma, kwanza ni Glock ipi? Toa magazini uigeuze. Nyuma kuna matundu madogo yenye namba pembeni. Namba ya chini kabisa ndiyo ujazo.

Glock 19 hutoka kiwandani na magazini ya 15. Glock 17 hutoka na ya 17. Sasa zipitishe kwenye matabaka:

Indiana: zote halali, jimbo halina kikomo, na miji yake imezuiwa kujiwekea kikomo.

Illinois nje ya Cook: ya 15 inapita, ya 17 haipiti.

Ndani ya mji wa Chicago: ya 15 inapita kwa sheria ya mji, ya 17 haipiti.

Kitongoji cha Cook kisicho na sheria yake juu ya jambo hilo: kikomo cha kaunti ni 10, kwa hiyo hata ile ya 15 ya Glock 19 haipiti.

Watu wanashangaa hapo, kwa kuwa wamezoea kuamini Chicago ndiyo kali kuliko viunga vyake. Sababu iko kwenye katiba ya jimbo: kaunti na mji wenye mamlaka ya ndani wakigongana, ndani ya mipaka ya mji inashinda ya mji. Kitongoji kisichosema kitu kinabaki chini ya kaunti.

Kwa mtu wa Salma jibu rahisi ni kununua magazini za 10 za kiwandani kabla ya kuhama, na zile kubwa zibaki Indiana au aziuze hukohuko. Magazini ya 10 ya Glock inaingia kwenye bastola ile ile bila kubadili kitu. Bastola yenyewe, kama mtutu ni wa kawaida, inavuka salama. Asije akaweka kijiti ndani ya magazini ya 17 ili ijae 10 tu akadhani amemaliza. Sheria inataka badiliko la kudumu, lisiloweza kurudishwa. Kijiti kinachotoka kwa bisibisi si cha kudumu.

#5 Kaskazi_08

Niongeze upande wa karatasi kwa mtu huyo huyo. Mkazi mpya wa Illinois ana siku 60 za kuomba FOID. Maombi yanafanyika mtandaoni kwa Polisi wa Jimbo, ada ni dola 10, kadi inadumu miaka 10. Umri ni 21. Chini ya hapo inatakiwa ridhaa ya mzazi au mlezi ambaye naye anastahili kuwa na kadi. Akiwa na grini kadi au hadhi ya ukimbizi aandae nyaraka zake za uhamiaji mapema, maana maombi ya asiye raia hukwama hapo.

FOID ni kadi ya kumiliki na kusafirisha, si ya kutembea na bastola kiunoni. Kutembea nayo ni leseni nyingine: mafunzo ya saa 16, ada ya dola 150 kwa mkazi, miaka 5. Mwenye FOID tu anasafirisha silaha ikiwa haina risasi na iko ndani ya mkoba au sanduku lililofungwa. Hata mwenye leseni ya kubeba haruhusiwi kupanda nayo ikiwa na risasi kwenye treni na basi za CTA, usafiri wa umma wa Chicago. Hiyo ni sheria ya jimbo, ilipingwa mahakamani, na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Saba ikaitetea mwaka 2025.

Anayenunua mpya: saa 72 za kusubiri, bastola au bunduki ndefu, zote sawa.

#6 Ndovu_Mpole

Wakuu mnawatisha watu. Mahakama ya Juu ilishasema kumiliki silaha ni haki ya mtu binafsi. Miji inavunja katiba, basi. Mtu asiogope sheria batili.

#7 Msoma_Vifungu

Mkuu Ndovu, nakuheshimu, lakini ushauri huo unafunga watu. Tuupitie kwa mpangilio.

Washington DC ilipiga marufuku bastola mwaka 1976. Kesi ya Heller, 2008, ikaiangusha: mtu ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwake kwa kujilinda. Chicago ilikuwa imefunga usajili wa bastola tangu 1982, ambako ni sawa na kuzikataza. Kesi ya McDonald, 28 Juni 2010, ikasema haki hiyo inazibana pia serikali za majimbo na miji. Bruen, Juni 2022, ikaongeza haki ya kubeba nje ya nyumba na kuweka kipimo kipya: sheria ya leo ilingane na desturi ya kihistoria ya nchi kuhusu udhibiti wa silaha. Mpaka hapo uko sahihi.

Lakini Heller hiyo hiyo ilisema haki hii ina mipaka. Kuhusu silaha za aina ya AR na magazini kubwa, Mahakama ya Juu haijasema neno la mwisho. Highland Park, kaskazini ya Chicago, ilipitisha marufuku yake Juni 2013. Kanda ya Saba ikaikubali mwaka 2015, Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza Desemba mwaka huo. Tarehe 4 Julai 2022 mji huo huo ulipigwa risasi kwenye gwaride, watu 7 wakafa, na miezi sita baadaye jimbo zima likapata PICA. Mahakama ya Juu ya Illinois iliiacha isimame Agosti 2023. Novemba 2024 jaji wa shirikisho kusini mwa Illinois alitamka kwamba ni batili, Kanda ya Saba ikasimamisha hukumu yake, na sheria ikaendelea kutekelezwa wakati rufaa inaenda. Tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza kesi ya namna hiyo kutoka Maryland, na jaji Kavanaugh akaandika kwamba anatarajia suala hilo litachukuliwa katika msimu mmoja au miwili.

Hukumu iliyosimamishwa haimlindi mtu barabarani. Polisi anayekusimamisha Western Avenue anafuata sheria inayofanya kazi siku hiyo. Kama unaamini ni batili, ipinge ukiwa mlalamikaji, usisubiri kuipinga ukiwa mshtakiwa.

#8 Ndovu_Mpole

Nimekuelewa mkuu. Naondoa neno la "asiogope". Msimamo wangu juu ya katiba uko pale pale.

#9 Mlango_wa_Haki

Naomba nafasi kubwa kidogo, kwa sababu jambo hili haliandikwi kwa Kiswahili na ndilo linalovunja familia.

Asiye raia, hata mwenye grini kadi ya miaka 20, yuko chini ya sheria ya uhamiaji inayosema akitiwa hatiani, chini ya sheria yoyote, kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Soma tena: sheria yoyote. Kifungu hakidai kosa liwe kubwa wala mtu awe amedhuru mwenzake. Raia anaweza kulipa faini akarudi nyumbani. Jirani yake mwenye grini kadi, kwa bastola ya aina ile ile, akaanza safari ya kwenda kwa jaji wa uhamiaji.

Mambo matatu yanakosewa kila mara.

Kukubali kosa dogo ili kesi iishe haraka. Wakili wa serikali anakuja na karatasi: kubali, faini kidogo, leo unatoka. Kabla ya kutia sahihi mwambie wakili wako neno hili: mimi si raia. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza athari za uhamiaji. Asipojua, mwombe awasiliane na wakili wa uhamiaji siku hiyo hiyo. Mara nyingine kosa linaweza kuandikwa kwa kifungu kisicho cha silaha, na tofauti hiyo ya maneno ndiyo kila kitu.

Kudhani kwamba rekodi ikifutwa na mahakama ya jimbo, uhamiaji nao wamesahau. Kwa uhamiaji "kutiwa hatiani" kuna maana yake yenyewe, na kwa kawaida kufutiwa rekodi kwa kuwa umemaliza adhabu vizuri hakuondoi kitu. Fomu ya kuomba uraia inauliza hata kukamatwa.

Kumnunulia ndugu. Binamu hana FOID au yuko kwenye viza ya masomo, anakupa hela umnunulie. Kwenye fomu 4473 dukani swali la mnunuzi halisi liko wazi. Kujibu uongo ni kosa la shirikisho, na tangu 2022 kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kuna kifungu chake chenye kifungo hadi miaka 15.

Mkimbizi aliyepokelewa kihalali na aliyepewa hifadhi hawamo kwenye katazo la viza ya muda. Wanaweza kununua. Dukani watahitaji namba yao ya uhamiaji na kitambulisho chenye anwani ya sasa. Ukiwa umehama na kitambulisho kina anwani ya zamani, beba nyaraka nyingine iliyotolewa na serikali inayoonyesha anwani mpya, mfano usajili wa gari. Bila hiyo duka litakurudisha, na ni sahihi wakurudishe.

#10 Bi_Salma_K

Mungu akubariki ndugu. Hiyo ya kukubali kosa dogo inatakiwa isomwe misikitini na makanisani.

#11 Pwani_hadi_Bronx

New York City sasa, maana wengi wetu tuko Bronx na Queens.

Hapa mji unatoa leseni wenyewe kupitia polisi, NYPD. Leseni ya bastola uliyopewa kaunti nyingine ya jimbo hilo hilo haifanyi kazi ndani ya mji bila kibali cha ziada cha NYPD. Bunduki ndefu, ambazo sehemu kubwa ya jimbo hazidai leseni isipokuwa raifo za nusu-otomatiki, ndani ya mji zinadai kibali, na kila moja inaandikishwa.

Magazini: jimbo linasema 10. Mji unashusha hadi 5 kwa raifo na shotigani. Mtu ananunua raifo Long Island nje ya mji, magazini 10, halali kabisa; akihamia Brooklyn amevunja sheria bila kubadili chochote.

Hata bunduki ya upepo ya kupigia ndege haifai kuwa nayo ndani ya mji. Wazazi, hiyo ipo madukani majimbo jirani, watoto wanaipenda, msiivushe.

Kinachowaponza watu New York ni maana ya "yenye risasi". Kwa sheria ya jimbo, bastola tupu ndani ya begi, na risasi zake kwenye kopo mfuko wa pembeni, ni bastola yenye risasi, ilimradi viwili hivyo viko kwako wakati mmoja. Kuwa nayo bila leseni, nje ya nyumba au mahali pako pa biashara, ni kosa kubwa lenye kifungo kisichopungua miaka 3 na nusu.

Sasa weka hilo juu ya uwanja wa ndege. Msafiri ametoka jimbo linaloruhusu, ametangaza bastola yake kwa shirika la ndege, imefungwa sanduku gumu, yote sawasawa. Ndege ya kuunganisha inakwama JFK, LaGuardia au Newark (huu uko jimbo jirani la New Jersey). Anapewa begi lake, analala hotelini, asubuhi anarudi kaunta kutangaza silaha tena kama alivyofanya jana. Anakamatwa pale pale kwenye kaunta. Sheria ya shirikisho ya wasafiri inalinda silaha isiyofikika wakati wa safari. Begi likishafika mkononi mwako hotelini limefikika. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ilisema hivyo mwaka 2010 kwenye kesi ya Revell iliyohusu Newark. Ndege ikikwama huko, usipokee begi. Waambie shirika libaki nalo mpaka safari inayofuata. Wakikataa kabisa, piga simu kwa wakili kabla hujaligusa.

#12 Kaskazi_08

Kwa gari kanuni ya shirikisho ni hiyo hiyo: unatoka mahali unaporuhusiwa, unakwenda mahali unaporuhusiwa, silaha haina risasi, na silaha na risasi havifikiki kutoka ulipokaa. Buti ndiyo mahali pake. Gari lisilo na buti iliyotengwa, sanduku lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi au cha katikati ya viti hakihesabiki hata kikiwa na kufuli. Kupita ni kupita. Ukilala siku mbili kwa shangazi Chicago si kupita tena.

#13 Ohio_Mtaa_wa_Pili

Huku Columbus mambo yako kinyume, na naona watu wanahamisha hofu ya Chicago kuja nayo huku bila sababu.

Majimbo zaidi ya 40 yamehodhi mamlaka juu ya silaha kwa kiasi kikubwa, yaani yamezuia miji kutunga yake. Ohio ni mojawapo, kifungu cha 9.68. Cleveland ilikipinga, Mahakama ya Juu ya Ohio ikaupa jimbo ushindi mwaka 2010. Columbus ilijaribu tena Desemba 2022, ikapitisha kikomo cha magazini za risasi 30 na kuendelea, ikaingia mahakamani papo hapo. Pennsylvania ni vile vile: Philadelphia imejaribu mara nyingi, na Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema jimbo lina haki ya kuizuia. Florida imekwenda mbali zaidi, kiongozi wa mji anayetunga sheria ya silaha kwa makusudi anaweza kutozwa hadi dola 5,000 yeye binafsi.

Colorado ikageuka nyuma: mwaka 2021 iliondoa kizuizi hicho, kwa hiyo Denver na Boulder zinaweza kuwa kali kuliko jimbo.

Illinois iko katikati. Julai 2013, ilipokubali watu kubeba bastola, jimbo lilichukua mamlaka ya leseni, umiliki na usajili wa bastola, na kwa silaha za aina ya AR likaipa miji siku 10 tu: mwenye sheria abaki nayo, asiye nayo amechelewa. Deerfield, kitongoji cha Chicago, ilipitisha sheria ya namna ya kuhifadhi tu ndani ya dirisha hilo, mwaka 2018 ikaigeuza kuwa marufuku kamili, na Novemba 2021 majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo wakagawanyika sawa kwa sawa, hivyo ushindi wa mji kwenye rufaa ukabaki. Ndiyo maana vitongoji viwili vinavyopakana vinaweza kutofautiana, na sababu ni kikao cha baraza kilichokaa au hakikukaa wiki moja ya mwaka 2013.

#14 Bi_Salma_K

Sasa mtu wa kawaida anasomaje yote hayo? Nieleze hatua kwa hatua, tafadhali.

#15 Msoma_Vifungu

Dada, anza na mpaka. Jina la mji kwenye bahasha ni la posta, si la utawala. Anwani inaweza kuandikwa jina la mji mkubwa na nyumba iko nje ya mipaka yake. Fungua tovuti ya mthamini wa kodi wa kaunti, weka anwani, bili ya kodi ya jengo itaonyesha ni mji gani unaotoza. Huo ndio mji wako kisheria. Kama hakuna mji hata mmoja, uko chini ya kaunti moja kwa moja.

Pili, jimbo limehodhi au halijahodhi? Kama limehodhi kikamilifu, usipoteze usiku kusoma sheria ndogo za mji. Soma ya jimbo.

Kama halijahodhi, fungua sheria ndogo za mji mtandaoni. Miji mingi imeziweka kwa mchapishaji mmoja kati ya wawili, American Legal au Municode; Chicago iko American Legal. Tafuta sura ya silaha. Kabla ya kusoma makatazo soma kifungu cha tafsiri ya maneno, kwa kawaida ndicho cha kwanza. Chicago ni 8-20-010. Humo ndimo "magazini kubwa" inapopewa namba. Anayeruka kifungu hicho anajaza maana yake mwenyewe.

Kisha shuka mwisho wa kila kifungu. Kuna mabano yenye tarehe za marekebisho. Andika tarehe ya mwisho. Sheria ikiwa imepitishwa mwezi uliopita inaweza isiwe imechapishwa bado, kwa hiyo tazama na kumbukumbu za vikao vya baraza. Na kinyume chake: kifungu kilichoangushwa na mahakama kinaweza kubaki kimechapwa miaka.

Mwisho, piga simu ofisi ya mwanasheria wa mji au karani wa mji, uliza kifungu kwa namba, na uombe jibu kwa barua pepe. Usiulize "bunduki gani ruksa". Uliza: "kifungu namba fulani, je, kinatekelezwa leo?" Neno la polisi wa kaunta si kinga mahakamani, wala la muuza duka.

#16 Kijana_wa_Rogers_Park

Na aliye na kitu tayari? Tuseme raifo ya AR ilinunuliwa kihalali Illinois mwaka 2019, ikajazwa tamko la jimbo (fomu ya PICA ya kutaja silaha uliyokuwa nayo tayari) kabla ya 1 Januari 2024. Mwenye nayo anataka kuhamia Chicago.

#17 Mlango_wa_Haki

Kaka, tamko lile lilimlinda mbele ya PICA tu. Marufuku ya Chicago na ya Cook ni za zamani zaidi, na hazimhesabu kuwa mmiliki halali kwa sababu ya tamko la jimbo. Adhabu ya kaunti ni faini ya dola 5,000 hadi 10,000 na inaweza kufika kifungo cha miezi 6. Kama si raia, rudi #9.

Njia zilizopo: iache kwa mwenye duka la silaha aliye na leseni nje ya Cook, kwa kuuza au kwa kuihifadhi kwa mkataba wa maandishi wenye namba ya silaha. Au ihamishie jimbo lingine, lakini kupitia mwenye leseni, si kumkabidhi rafiki barazani. Yote kabla ya siku ya kuhama, kwa kuwa lori la mizigo likishaingia Cook na bunduki ndani, kosa limeshaanza.

Na kama tayari iko ndani ya nyumba Chicago, usiitie begini ukaenda nayo kituo cha polisi kuisalimisha. Njiani wewe ni mtu mwenye silaha iliyokatazwa kwenye begi. Iache ilipo, bila risasi, imefungwa. Mpigie wakili, yeye awasiliane na polisi, wapange siku waje wao kuichukua mlangoni kwako, na stakabadhi iandikwe namba ya silaha.